Mwalimu anasema tafakari yangu ya hisabati ni ya juujuu, nifanyeje?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Tanga, nyumbani Chumbageni, ila nasoma bweni nje ya mkoa kwa ufadhili, mwaka wa kwanza wa Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari). Niko likizo, na nimerudi na rasimu ya uchunguzi wangu wa hisabati ambayo mwalimu wangu ameshaisoma.

Nilichagua kupwa na kujaa kwa maji. Baba mdogo ni mvuvi pale Sahare. Alinisaidia kuchomeka mti mrefu wenye alama za sentimita, mbali kidogo, mahali ambapo maji hayakauki hata yakipwa. Nikawa nakaa kwenye ngalawa nasoma kila nusu saa, mchana kutwa, Jumamosi na Jumapili ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Nikatengeneza fomula ya kosini. Kipindi, yaani muda wa kutoka maji kujaa hadi kujaa tena, niliweka saa 12, kwa kuwa maji hujaa mara mbili kwa siku, na nusu ya tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ilikuwa mita 1.6. Jumamosi mchoro ulipita juu ya vipimo vyangu vizuri kabisa. Jumapili ulipishana navyo kwa karibu saa nzima, nikaandika kwamba ni makosa ya kibinadamu.

Mwishoni niliweka aya ya tafakari: "Nimefurahia uchunguzi huu na nimejifunza kwamba hisabati ipo kila mahali. Upungufu ni kwamba data zilikuwa chache. Wakati ujao nitachukua data nyingi zaidi." Mwalimu ameandika pembeni: "Tafakari ni ya juujuu. Nionyeshe unavyofikiri ndani ya kazi, si mwishoni tu." Rafiki mmoja ananishauri kila ukurasa niweke sentensi inayoanza na "nikitafakari". Mwingine anasema niiachie akili mnemba, itaandika vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo sikuliandika kabisa. Wiki moja baadaye niliurefusha mchoro, nikamwonyesha baba mdogo. Mchoro ulisema saa kumi jioni maji yamejaa. Siku hiyo saa kumi jioni watu walikuwa wanatembea kwa miguu hadi kwenye ngalawa. Aliniambia, "Maji hayarudi saa ileile mwanangu, kila siku yanachelewa." Nimeogopa kuliandika maana litaonyesha kazi yangu ni mbovu. Naomba unisaidie.

Binti wa Chumbageni

*

Marahaba mwanangu. Pole na masomo, na hongera kwa kuchagua kitu ambacho umekiona tangu utotoni. Wengi hukimbilia mada za kwenye vitabu, halafu wanakosa la kusema.

Nianze na hilo ulilolitaja mwisho. Siku ile watu wanatembea juu ya mchanga huku mchoro wako unasema maji yamejaa, ulipata tafakari nzuri kuliko yote uliyoyaandika kwenye rasimu. Ukaiacha nje. Mwalimu wako hajui kama ipo, ndiyo maana anaona kazi imeishia juu.

Tuelewane kwanza kinachopimwa. Uchunguzi una alama 20, na unabeba asilimia 20 ya matokeo yako ya mwisho ya hisabati. Kigezo D, cha tafakari, kina alama 3. Hisabati yenyewe ina 6, mpangilio 4, mawasiliano ya kihisabati 4, ushiriki binafsi 3. Kwa hesabu ya haraka utasema alama 3 si kitu, nguvu ziende kwingine. Lakini anayejiuliza kwa nini modeli yake, yaani fomula anayoelezea nayo jambo halisi, imeshindwa hulazimika kutafuta hisabati inayofaa zaidi, na akiitafuta mwenyewe anaonyesha kwamba kazi ni yake. Alama za vigezo vingine zinamfuata hapohapo.

Mwongozo wa IB unazitenganisha ngazi hivi. Ukieleza matokeo tu, hiyo ni tafakari finyu, alama 1. Ukiyaunganisha na lengo lako, ukasema ulichojifunza, ukataja mpaka fulani wa njia uliyotumia au ukalinganisha njia mbili, hiyo ni tafakari yenye maana, alama 2. Alama ya 3 inataka uchambuzi wa kina unaoonekana katika kazi nzima: matokeo yana athari gani, njia hii ina nguvu na udhaifu gani, kitu gani kinafuata, na wewe umebadilika vipi katika kuielewa mada. Ikiwa tafakari imekaa mwishoni peke yake, lazima iwe ya kiwango cha juu na ionyeshe jinsi ilivyouendeleza uchunguzi. Aya yako ya mwisho haijauendeleza. Uchunguzi ulikuwa umeshakwisha ulipoiandika.

Kuna kipimo ninachowapa wanafunzi wote. Chukua sentensi yako ya tafakari, ihamishie kwenye kazi ya mtu mwingine. Ikikaa sawasawa, ifute. "Data zilikuwa chache" inakaa kwenye kazi ya anayepima chai inavyopoa, na inakaa vilevile kwenye kazi ya anayehesabu baiskeli Barabara ya Nane. "Nimejifunza kwamba hisabati ipo kila mahali" inakaa popote duniani. Ila "Jumapili mchoro ulitangulia maji kwa karibu saa nzima" haikai popote isipokuwa kwako, kwenye mti wako, Sahare.

Tena hiyo ya data chache, kwenye kazi yako, si kweli. Hebu fikiri. Ungepima kila dakika badala ya kila nusu saa, Jumamosi ileile, ungepata vipimo vingi mno na kipindi chako cha saa 12 kingeendelea kuonekana sawa. Kilichokosekana ni urefu wa muda. Wingi wa vipimo ndani ya siku mbili haukuambii kitu ambacho kinajitokeza kwa wiki mbili. Mwanafunzi anayeweza kusema hivyo, na kueleza kwa nini, ameshatoka kwenye tafakari finyu.

Nalo neno lako "makosa ya kibinadamu" nataka ulitazame kwa makini, maana wanafunzi hulitumia kufunga mlango ambao ulikuwa umefunguka. Unaposoma mti kutoka kwenye ngalawa, viwimbi vinapandisha na kushusha maji, jicho lako linakosea mara juu mara chini. Makosa ya namna hiyo hutawanyika pande zote. Jumapili vipimo vyako havikutawanyika: vyote vilichelewa, vyote upande mmoja. Tofauti inapoegemea upande mmoja namna hiyo, jicho lako halina hatia. Ni modeli inayodai kitu ambacho bahari haikifanyi. Chora grafu ndogo ya tofauti kati ya kipimo na modeli kwa kila saa uliyopima, uiweke hapo kwenye kazi, halafu useme unachokiona. Grafu hiyo na sentensi tatu chini yake zina uzito kuliko aya yako yote ya mwisho.

Sasa hilo la saa 12. Uliichagua kwa sababu maji hujaa mara mbili kwa siku, na ni sababu ya haki kabisa kuanzia. Lakini mwezi unaizunguka dunia, kwa hiyo dunia ikishajizungusha mara moja inabidi iongeze kidogo ndiyo sehemu ileile iukabili mwezi tena. Inachukua kama saa 24 na dakika 50. Nusu yake ni saa 12 na dakika 25, ndicho kipindi kikuu cha maji kwenye pwani yetu. Kila siku unapoteza dakika 50. Maji yaliyojaa leo saa kumi, kesho yanajaa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Baba yako mdogo alikuambia jambo hilohilo kwa maneno yake. Zidisha kwa siku saba: dakika 350, karibu saa sita, yaani muda wa kutoka maji kujaa hadi kupwa. Ndiyo maana baada ya wiki moja mchoro wako haukukosea kidogo tu, ulisema kinyume kabisa. Kosa dogo la kipindi hujilimbikiza, wakati kosa la kusoma mti halijilimbikizi. Ukiweza kulieleza hilo kwa lugha yako na hesabu zako, unachambua.

Nikuongezee jambo moja halafu nikuachie. Saa 12 kamili siyo namba ya ovyo. Ni kipindi cha jua, nalo jua lina sehemu yake katika kuvuta maji, ingawa ni ndogo kuliko ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake, tunapata maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Wewe ulipima bamvua peke yake, kwa hiyo ile mita 1.6 ni ya bamvua, na modeli yako haijui kwamba kuna maji mafu. Jumlisha kosini mbili, moja ya saa 12 na nyingine ya saa 12.42 (ndizo zile saa 12 na dakika 25), ukokotoe zinakutana kileleni kila baada ya siku ngapi. Jibu sikupi. Ukishalipata, muulize baba mdogo kutoka bamvua moja hadi nyingine hupita siku ngapi, kisha andika unavyoliona jibu lake ukililinganisha na lako.

Aya zenyewe za maji sitakuandikia, kwa kuwa kazi ni yako na utathibitisha kwamba ni yako. Nitakuonyesha kwa kitu kingine. Tuseme mwanafunzi anakadiria ujazo wa chungwa la Muheza. Amepima upana sentimita 7.0. Amelichukulia kama tufe, akapata sentimita za ujazo 179.6. Kisha amelizamisha kwenye chombo kilichojaa maji, akapima maji yaliyomwagika, akapata 168. Mara nyingi ataandika hivi: "Tufe limekaribia ujazo halisi. Tofauti ndogo imetokana na makosa ya upimaji." Halafu anaenda ukurasa unaofuata.

Mwenzake mwenye namba zilezile anaandika:

"Tufe limezidi kipimo cha maji kwa asilimia 6.9. Rula yangu inaweza kukosea milimita 1 kwenye kipenyo cha sentimita 7.0, na kwa kuwa kipenyo kinapandishwa kipeo cha tatu, kosa hilo linafika kama asilimia 4.3 kwenye ujazo. Rula peke yake haielezi tofauti yote, kwa hiyo nashuku umbo nililolichagua. Nimelipima chungwa kutoka juu hadi chini nikapata sentimita 6.6: limebonyea. Nitajaribu tufe lililobonyea."

Anakokotoa, anapata 169.3, tofauti ya asilimia 0.8 tu. Hapa ndipo wengi hushangilia. Yeye anaandika: "Siwezi kudai kwamba modeli hii ni sahihi kiasi hicho, maana kosa la rula bado linazidi asilimia 4. Ninachoweza kusema ni kwamba vipimo vyangu havinipi tena sababu ya kulikataa umbo hili. Kutofautisha zaidi kunahitaji kifaa kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita."

Tazama kilichotokea. Hakuna mahali alipoandika "nikitafakari". Hakujisifu, wala hakujilaumu. Amechukua namba, akauliza inatosha kumwambia nini, jibu likamsukuma hatua nyingine. Ukiiondoa aya yake ya kwanza, msomaji hawezi kuelewa lile tufe lililobonyea limetoka wapi. Tafakari ya namna hiyo imefungwa ndani ya kazi, huwezi kuichomoa. Rafiki yako anayekushauri uweke sentensi kila ukurasa ana nia njema, lakini sentensi hizo zitachomoka zote bila kazi kutikisika, na anayesahihisha ataliona hilo.

Kwa hiyo ziwe wapi? Kwenye kazi yako naona mahali kama pane ambapo uliamua kitu: ulipochagua kosini, ulipoweka saa 12, ulipoweka mita 1.6, na Jumapili mchoro ulipoachana na vipimo. Pale ulipoamua ndipo pa kusema kwa nini uliamua hivyo, ulikuwa na njia gani nyingine, na uamuzi huo ungekugharimu nini. Hapo pengine hata sentensi mbili zinatosha. La Jumapili ndilo la kulipa nafasi kubwa. Mengine yaguse upite, kurasa zenyewe zinatarajiwa kuwa kati ya 12 na 20.

Sasa hofu yako, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona inavyowanyima watoto wetu alama. Tumelelewa kwenye mitihani ambayo jibu ni sahihi au si sahihi, na kosa hufutwa kabla mwalimu hajaliona. Ukiingia kwenye uchunguzi na tabia hiyo unafuta kitu cha thamani. Modeli yako ya kwanza haihitaji kushinda. Iweke wazi, ionyeshe inapofaa (kwa siku moja ya bamvua inafaa sana), ionyeshe inapoachana na bahari, eleza sababu, kisha leta ya pili. Kigezo cha hisabati hakikupunguzii alama kwa kuanza na modeli rahisi, mradi umeielewa na umejua mpaka wake. Kitakachokupunguzia ni kuuficha mpaka huo, kisha kuandika hitimisho kwamba modeli inatabiri maji ya Tanga. Mtu akiiamini atakwenda ufukweni kushusha chombo akute mchanga mtupu.

Kuhusu akili mnemba: IB haijaipiga marufuku, lakini inataka kila kilichotoka huko kitajwe, na kukiwasilisha kama chako ni udanganyifu unaoweza kukunyima cheti. Mbali na hilo, haikuwa Sahare. Haijui kwamba Jumapili ulikaa kwenye ngalawa ukisubiri maji ambayo mchoro ulikuwa umeshasema yamefika. Itakupa sentensi laini zinazokaa kwenye kazi ya yeyote, na tumeshakubaliana sentensi hizo zinafutwa.

Naamini sehemu ya tatizo lako ni lugha pia, ingawa hukulitaja. Unafikiri kwa Kiswahili, unaandika kwa Kiingereza, na katikati ya safari mawazo yanapungua uzito. Chukua daftari, kwa kila uamuzi andika kwa Kiswahili kama unavyomweleza dada yako: "Niliona hivi, nikashangaa kwa sababu hivi, nikajaribu hivi." Usihangaike na uzuri. Hesabu ikishakaa sawa na sababu ikishaonekana, ndipo uhamishie kwenye Kiingereza, sentensi fupifupi. Ile aya ya chungwa niliyokuonyesha haina neno hata moja la kifahari.

La mwisho ni la utaratibu, na usilisahau. Mwalimu wako anaruhusiwa kutoa ushauri kwa rasimu moja tu, na ameshautoa. Utakachompelekea baada ya hapo ndiyo kazi ya mwisho. Itumie likizo. Mwezi ukifika nusu nenda Sahare, mti uleule, nusu saa kwa nusu saa, hata kama ni mchana mmoja wa maji mafu. Vichore vipimo hivyo juu ya modeli ya zamani kabla hujaigusa mpya. Pembeni ya kila jedwali andika tarehe na hali ya mwezi. Ukipata jedwali la maji la bandari, linganisha nalo pia, ukikumbuka kwamba linahesabu kina kuanzia mahali tofauti na ulipoanzia wewe, kwa hiyo linganisha saa za kujaa na kupwa kwanza, kina baadaye. Na muombe baba mdogo ruhusa ya kumtaja ndani ya kazi, kwa sababu alichokuambia ni chanzo kama vyanzo vingine.